Wananidai dola 1,450 nikajitolee kijijini Ghana. Niende?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, ana miaka 26, diploma ya uuguzi anayo, leseni anayo, ajira anaisubiri huu mwaka wa pili. Ameona tangazo la kujitolea wiki sita kwenye kijiji kaskazini mwa Ghana, kazi imeandikwa "afya na watoto", na anatakiwa alipe dola 1,450 hapo tiketi ya ndege haimo. Anauliza hiyo hela ni halali au anapigwa, je atasaidia watu kweli au ataenda kupiga picha tu, na ajiandae vipi. Amemalizia hivi: "Shikamoo kaka, naomba unijibu bila kunificha, nimeshaanza kuchangisha ndugu."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe halafu maelezo yafuate: hiyo ya wiki sita usiende, na michango ya ndugu simamisha leo hii hii. Ila Ghana yenyewe usiifute kichwani, maana nesi mwenye leseni kama wewe ana nafasi kule, tena nzuri tu, sema siyo kwa mlango huo uliooneshwa. Nimefanya kazi za maji na afya vijijini upande wa Tamale mpaka juu kabisa Bolgatanga na Navrongo, karibu na mpaka wa Burkina Faso, miaka kadhaa, kwa hiyo haya nakwambia ni mambo niliyoyaona.

Tuanze na hela. Chumba kijijini kule na chakula cha familia kwa wiki sita haviwezi hata kukaribia hiyo dola 1,450, wewe mwenyewe unajua chumba na chakula kijijini kwenu ni shilingi ngapi, na kule siyo mbali sana na hapo. Sasa hiyo inayobaki inaenda kwa nani? Waandikie uwaulize kitu kimoja tu: nani pale kijijini ameomba nesi? Wakutajie kituo, wakutajie cheo cha huyo aliyeomba, wakupe na namba yake uongee naye. Watu wa kweli watakujibu siku hiyo hiyo. Wakala atakutumia picha za watoto wanacheka na risiti ya kulipia nusu ya kwanza.

Halafu hilo neno "afya" kwenye tangazo linanitia wasiwasi zaidi kuliko hela. Ghana wana baraza lao la manesi na wakunga kama sisi tulivyo na TNMC, na nesi wa kutoka nje hagusi mgonjwa mpaka asajiliwe pale kwa muda, apeleke cheti, leseni na barua ya baraza la kwao kuthibitisha kwamba ni nesi kweli na hana kesi. Tena lazima ofisi ya afya ya wilaya ijue upo. Kama hao watu hawajakuuliza hata namba yako ya leseni, ina maana ama hutafanya kazi yoyote ya unesi, ama utaifanya kinyume cha sheria ya nchi ya watu, na likitokea la kutokea utabaki peke yako. Wapo wanaopeleka hata wanafunzi wa form six wakachome sindano. Mgonjwa wa kijijini siyo wa kujifunzia, na wewe hilo umelisomea.

Na "watoto"? Mara nyingi maana yake ni kituo cha yatima. Hapo nakuomba sana sana uwe makini. Serikali ya Ghana kupitia idara yao ya ustawi wa jamii wako kwenye mageuzi tangu katikati ya miaka ya 2000 kupunguza hivyo vituo na kurudisha watoto kwenye familia, kwa sababu waligundua wengi wa watoto wanaokaa mle wana mzazi au ndugu yupo hai kabisa. Kituo kikishazoea wageni wanaolipa, kinahitaji watoto wawepo ili wageni waje, na mama maskini anaambiwa mlete mtoto hapa atasoma. Alafu fikiria mtoto wa miaka minne anakuzoea, anakuita mama, wiki ya sita unapanda gari, wiki ya saba analetewa mwingine. Usiwe mmoja wa hao.

Sasa nije kwenye swali lako la pili maana ndo lenye nyama: je unasaidia kweli? Hili limeshafanyiwa utafiti, tena huko huko unakotaka kwenda. Kituo cha utafiti wa afya cha Navrongo, kuanzia mwaka 1994, walifanya jaribio kubwa kwenye wilaya ya Kassena-Nankana. Waligawa eneo mafungu manne, sehemu moja wakampeleka nesi akaishi kijijini kabisa badala ya kukaa kituoni kusubiri wagonjwa, sehemu ya pili wakatumia volontia waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ya tatu wakaweka vyote viwili, ya nne wakaiacha na huduma ile ile ya kawaida ili walinganishe. Matokeo yake ndo haya: kule nesi alikohamia na begi lake vifo vya watoto wadogo vilipungua zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu. Kule walikokuwa volontia peke yao, vifo vya watoto havikupungua. Ukiyasoma hayo kama nesi unatakiwa usisimke, maana yanasema kazi yako ina uzito, sema uzito wake uko kwenye kukaa. Nesi anayejulikana nyumba anayolala, anayegongewa usiku wa manane mtoto akipata degedege, anayejua mama gani amejifungua mara ngapi. Mgeni wa wiki sita hana hata kimoja cha hivyo.

Kutokana na jaribio hilo Ghana wakaja na mpango wa nchi nzima wanaouita CHPS, wenyewe wanautamka "chips". Kijiji kinatoa eneo na nguvu kazi, inajengwa nyumba yenye chumba cha huduma na chumba cha nesi kulala, na kabla ya chochote kuanza kunakuwa na mkutano mkubwa kwa chifu, ngoma zinapigwa, wazee wanaongea, wanaume wanaelezwa waziwazi mambo ya uzazi wa mpango ili mwanamke asije akapata matatizo nyumbani kwa kwenda kliniki. Yaani nesi anapokelewa na kijiji kizima. Ukifika pale kama mgeni, ujue unaingia kwenye nyumba yenye mwenyewe.

Lakini usije ukadhani volontia wa kijiji hana faida. Mwaka 1989 Ghana ilihesabu karibu wagonjwa 180,000 wa ule mnyoo wa Guinea, mnyoo mrefu unaotoka mguuni taratibu, kwa maumivu makali, mwaka mzima hivi baada ya mtu kunywa maji yenye vidudu vyake. Ugonjwa huo hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Uliisha kwa watu wa vijijini wenyewe, volontia wa kila kijiji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana uvimbe, anafunga kidonda, anamzuia mgonjwa asiingie kwenye bwawa la kunywa, anagawa vitambaa vya kuchujia maji na kurudi tena kuangalia kama vimetoboka. Wanawake walisimama kwenye mabwawa asubuhi na jioni wakihakikisha kila ndoo imechujwa. Mgonjwa wa mwisho alipatikana 2010, na 2015 Shirika la Afya Duniani likawapa cheti kwamba umetokomea. Wanaojitolea hasa Afrika Magharibi ni hao, hawana tisheti wala hawalipi dola kwa mtu.

Ukitaka kuwaona, nenda siku ya kupima watoto. Mzani wa kuning'iniza unafungwa kwenye tawi la mwarobaini (mwarobaini kule umejaa kila kona, utajisikia uko Dodoma), kinamama wamekaa kwenye benchi na wengine chini, mtoto anavalishwa kile kikaptura cha mzani analia kijiji kizima kisikie. Nesi anasoma uzito, anajaza kadi. Pembeni yake amekaa volontia, mara nyingi mwanaume wa makamo ambaye ni mkulima, ana daftari lililokunjika kona, na yeye ndo anajua nani hajaja. Anamwambia nesi mama fulani hajaja kwa sababu amehamia kwenye shamba la mbali mpaka amalize kuvuna karanga, yule mwingine mume wake amesafiri kwenda kusini kutafuta vibarua na mama mkwe hataki atoke, huyu wa tatu yupo ila mtoto anaharisha na ameona aibu kumleta. Jioni nesi anapanda pikipiki na hayo majina. Sasa wewe mgeni ungejuaje habari ya mama mkwe? Hata ungekuwa na digrii tatu.

Mambo ya maji nayo ni hivyo hivyo, nakugusia kidogo tu maana ndo fani yangu. Wageni wanapenda kuchimba kisima kipya, kipakwe rangi na jina la mfadhili. Ila pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo majaribio yake makubwa yalifanyika kwetu huku huku, Kwale pwani ya Kenya miaka ya 80, ilitengenezwa makusudi ili fundi wa kijiji aifungue kwa spana moja, achomoe vyuma vya ndani abadilishe mpira uliolika bila kuita gari la mkoa. Kinachokosekana mara nyingi ni huo mpira, na hela ya kamati ya maji ya kuununulia. Nimeona mama mtunza pampu akiifungua na kuifunga wakati vijana wa kujitolea wanatafuta maelekezo kwenye simu. Mgeni wa maana pale angeuliza duka la vipuri lililo karibu liko wapi na kamati inakusanya vipi hela.

Kuna jambo jingine lazima nikwambie ingawa linauma. Ghana nao wana manesi waliomaliza chuo wanasubiri ajira miaka, kama wewe. Mwaka 2020 serikali yao ilipeleka manesi 95 Barbados kwa mkataba, maana waliokuwepo ni wengi kuliko nafasi za kuwaajiri. Na wahitimu wa vyuo wanapangiwa mwaka mmoja wa kulitumikia taifa, wengi wanatupwa kwenye shule na ofisi za vijijini. Kwa hiyo usiende ukifikiri kule hakuna watu. Watu wapo, pengo lipo kwenye bajeti na kwenye mtu kukubali kukaa mbali na mji. Ukienda, nenda chini ya nesi wa pale, ufanye atakachokupangia, umpunguzie mzigo wa kujaza rejista, kupima malaria kwa kipimo cha haraka, kuzungukia nyumba, na wewe uchukue kutoka kwake namna mpango wao unavyoendeshwa, maana huku nyumbani tunahangaika na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kuna mengi ya kuiga.

Unaingiaje sasa? Njia ya kwanza ambayo ningekushauri ujaribu ni ule mpango wa Umoja wa Afrika wa vijana wa kujitolea, ulianza 2010, wanachukua Waafrika wa miaka 18 hadi 35 wanawapeleka nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12, na gharama wanabeba wao, wewe hulipii nafasi. Ushindani upo na nchi huchagui kirahisi, ila fomu haina ada, ukiona mtu anakudai hela ya fomu huyo ni tapeli. Ya pili ni volontia wa Umoja wa Mataifa, UNV, nao wanalipa posho ya kujikimu, angalia nafasi za manesi na za afya ya jamii. Ya tatu ni ya mkono kwa mkono, andika barua moja kwa moja kwa hospitali za kanisa za kule kaskazini magharibi kama Jirapa na Nandom, zinafanana sana na hospitali zetu za misheni, zimezoea kupokea watu na zinajua taratibu za usajili. Eleza una nini, unaweza kukaa muda gani, uliza wanahitaji nini. Wakisema hawahitaji mtu, washukuru, hilo nalo ni jibu la heshima.

Wala usione haya kwamba wewe ni Mtanzania unaenda kusaidia Waghana. Ebola ilipolipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014 na kuua watu zaidi ya 11,000 mpaka 2016, Umoja wa Afrika ulipeleka mamia ya wahudumu wa afya, wamo Wakenya, Waganda, Waethiopia, Wakongo. Walienda kwa sababu waliitwa na wakawekwa chini ya mpango wa nchi husika.

Muda: chini ya miezi sita kwa kazi ya kijijini mi sikushauri. Wamarekani wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza kabisa lilishuka Accra Agosti 1961 na Tanganyika ikafuata muda si mrefu, mpaka leo wanakaa miezi 27 na mitatu hivi ya mwanzo ni mafunzo, lugha na mila zikiwemo. Lugha utakayoikuta inategemea unapangiwa wapi, Tamale ni Kidagbani, Bolga ni Kigurune, Navrongo ni Kikasem, kule Jirapa na Nandom ni Kidagaare, na Kihausa kinasikika masokoni. Kingereza kinafanya kazi ofisini na shuleni, kwa bibi mwenye mjukuu mgonjwa hakifanyi. Jifunze salamu kwanza, na usizikimbize. Kule salamu ni ndefu kama za Wapare, unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya usingizi, ya kazi, na Tamale ukisikia "dasiba" asubuhi unaitikia "naa", ukiulizwa kingine unaitikia "naa" tena. Mkubwa unamsalimia umechuchumaa kidogo. Mkono wa kushoto usimpe mtu kitu.

Ukifika kijijini siku ya kwanza utapelekwa kwa chifu, usikubali kuanza kazi kabla ya hapo hata kama mwenyeji wako ana haraka. Viatu unavua, unakaa chini, huongei naye moja kwa moja, kuna msemaji wake, na unakwenda na kokwa za kola ambazo mwenyeji wako atajua ni kiasi gani. Sema ukweli umekuja kufanya nini na utaondoka lini. Hiyo ya utaondoka lini watu wengi wanairuka na ndo inayoleta kuvunjika moyo baadae.

Chakula hakitakusumbua. Wana tuo zaafi, wenyewe wanaita TZ, ni ugali laini wa mahindi au mtama na unaliwa na mboga ya ayoyo ambayo ni mlenda kabisa, asubuhi uji wa uwele wenye tangawizi na bagia za kunde. Ukipita mtu anakula atakukaribisha, kama kwetu. Mavazi ya heshima, sehemu kubwa ya Tamale ni Waislamu. Picha za wagonjwa usipige, hata ukiombwa na hao waliokupeleka.

Mambo ya mwili sasa. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kuingia Ghana, na utakihitaji pia ukirudi nyumbani. Malaria usiidharau kwa kuwa umeizoea, zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga na chandarua usikose. Kiangazi kule ndo msimu wa homa ya uti wa mgongo, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo chanja kabla hujaondoka, siyo ukiwa njiani. Kuhusu viza, Ghana walitangaza Januari 2025 kwamba pasi za nchi za Afrika zinaingia bila viza, ila kuingia siyo ruhusa ya kufanya kazi, thibitisha ubalozini kwao na kwa atakayekupokea. Usalama: Bawku kaa mbali nayo, kuna mgogoro wa uchifu wa muda mrefu na risasi zinalia, na vijiji vya mpakani na Burkina Faso uliza ofisi ya wilaya kabla hujapanda trotro, ndo daladala zao.

Msimu unaamua mengi pia. Kaskazini wana mvua moja tu kwa mwaka, inaanza kama Mei mpaka Oktoba. Juni mpaka Agosti akiba ya chakula imekwisha ghalani na mpya haijakomaa, watu wanashinda shambani, malaria ya watoto inapanda na barabara zinakatika. Wakala anakupeleka Julai kwa sababu ndo likizo ya wazungu, wakati familia itakayokulisha inapima unga kwa kikombe. Kama utakubaliwa kwa mwaka mzima utaupitia msimu huo ukiwa mwenyeji na utafaa kweli. Kama ni miezi sita, ingia Novemba, mavuno yapo ndani, nesi wa kituo anakwenda nyumba kwa nyumba kirahisi, jiandae tu na lile vumbi la harmatani, upepo mkavu wa kutoka Sahara, midomo ipasuke, na siagi ya shea ya kupaka utaipata sokoni kwa kinamama waliyoisaga wenyewe.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi: waulize wale wa tangazo jina la aliyeomba nesi, nenda TNMC uulizie barua ya uthibitisho inachukua muda gani, na anza barua ya hospitali ya kwanza. Ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaituma.